Mgeni Hajabisha Hodi

Mwezi wa sita ulipoingia na ukungu wa Meru ukashuka mpaka kwenye mabati ya Elerai, Kaanaeli alikuwa na kitu cha kufuma na mtu wa kumfumia, na kwake hakukuwa na neema kubwa kuliko hiyo. Mwanawe wa pekee, Philemoni, alikuwa amemnong'oneza jikoni kwamba mkewe ni mjamzito. Chai haijachemka, Kaanaeli alishakwenda chumbani kutoa sindano zake.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mzaliwa wa Machame aliyekaa Arusha mpaka akaacha kujiita mgeni. Kufuma alifundishwa bwenini akiwa msichana, akaacha alipoanza kazi, akarudia alipostaafu. Hakuuza. Watu walipomwambia auze, aliwajibu kwamba kitu cha kuuza unakifuma ukimwaza mteja, na yeye alitaka kumwaza mtu wake. Kazi zake zilifuata majira. Kwenye baridi alifuma masweta mazito. Vumbi la mwezi wa tisa likianza, aliweka sindano chini akaenda kwenye mitumba kutafuta masweta ya sufu yaliyotoboka viwiko, akayafumua, akaufua uzi na kuuanika. Vuli ilikuwa ya zawadi za Krismasi za kupeleka Machame. Joto la Januari lilimlegeza, akafuma vitambaa vya meza kwa uvivu, na masika yalimkuta ameshaanza kuiwazia baridi inayokuja.

Basi mwaka ule akafuma shali ya njano, kofia, soksi na kikoti cha vifungo vitatu. Alipomaliza alizitandaza juu ya kochi sebuleni ili wageni wazione.

Nashipae, mke wa Philemoni, aliingia kutoka kazini akazikuta pale. Alikuwa binti wa Kiarusha kutoka Olkokola, juu kule magharibi ya mlima, mwenye maneno machache na mikono ya kazi. Aliuza mbegu na dawa za mimea kwenye duka la pembejeo la Sakina. Yeye na mumewe walikaa vyumba viwili vya uani, ila chakula walikula nyumba kubwa pamoja na mama.

"Ni nzuri, mama," alisema.

Hakuzigusa. Kaanaeli alidhani ni haya ya mimba ya kwanza.

Mimba ikaharibika mwezi wa nane. Nashipae alilazwa, akarudi, akajilaza upande wake wa nyumba, na Kaanaeli akampikia na kumfulia bila kusema mengi. Hakuna aliyelitaja jambo lile kwa jina lake. Zile nguo Kaanaeli alizikunja, akazitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akajiambia kwamba Mungu hana haraka.

Vuli ilipokuja, Philemoni alimnong'oneza tena. Safari hii Kaanaeli alijizuia. Alikaa na sweta ya kaka yake Abdiel, akaifuma mgongo, akaifuma kifua, wala hakugusa uzi laini. Lakini nguo za sandukuni zilikuwa zimeanza kunuka dawa ya nondo, na Jumamosi moja jua lilipotoka kati ya mvua mbili, alizitoa, akazifua kwa sabuni laini, akazianika kwenye kamba uani. Alikuwa bado amesimama na beseni mkononi Nashipae alipoingia getini, ametoka kazini kabla ya saa yake.

Nashipae aliiangalia ile kamba, kutoka soksi mpaka shali. Kisha akamwangalia mama mkwe wake. Hakutoa hata shikamoo. Alipita, akaingia kwake, akafunga mlango. Jioni ile Philemoni alimkimbiza hospitali, na mimba ile nayo ikatoka.

Baada ya hapo Nashipae hakula tena nyumba kubwa. Asubuhi alisema "Shikamoo, mama," macho chini, akaitikiwa, akaenda kazini. Jioni aliwasha jiko lake mwenyewe uani. Kaanaeli alijiambia ni majonzi, na majonzi yana muda wake. Alimwachia nafasi. Lakini nyumba ambayo watu wawili wanaachiana nafasi huwa ndogo kuliko ile wanayogombana, na ilipofika Februari Kaanaeli alikuwa akikohoa kwanza kabla ya kutoka uani, ili yule mwingine apate muda wa kuingia ndani.

Siku moja mama yake Nashipae alishuka kutoka Olkokola na kibuyu cha maziwa. Jina lake Resiato, mwanamke mrefu, mkulima na mfugaji, asiyekaa kwa watu bila sababu. Aliongea na bintiye mlango umefungwa, kisha akaja sebuleni kwa Kaanaeli, akakataa chai.

"Mkwe, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema tu, mama Nashipae."

"Hizo sindano zako zinamtisha mwanangu."

Kaanaeli alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. "Zinamtisha? Sindano za kufumia?"

"Kwetu hatumwandalii mtoto nguo kabla hajaja. Bibi yangu alikuwa akisema, mgeni ambaye hajabisha hodi usimtandikie kitanda. Ukimtandikia, unawaonyesha wasiomtaka mahali atakapolala."

"Sisi ni watu wa kanisa."

"Mimi pia ni wa kanisa," alisema Resiato, bila kupandisha sauti. "Sikukuletea imani yangu hapa. Nimekuletea anachokisikia mtoto wangu akiingia kwenye sebule hii."

Alipoondoka, Kaanaeli alikasirika. Alikuwa amefundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi. Mtu amwambie leo kwamba shali inaua? Alizunguka nyumba akibishana na Resiato aliyekwisha fika Ngaramtoni, njiani kurudi kwake. Kisha hasira ikapoa, na kilichobaki chini yake kilikuwa kibaya zaidi. Aliichukua sweta ya Abdiel, akatia sindano, akafika nusu ya mkono mmoja, akajikuta ameketi tu na sufu mapajani kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake stendi. Hamu ilikuwa imetoka. Masika yakaanza, barabara ya Elerai ikawa tope, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuwa akiiandalia baridi kitu chochote.

Rafiki yake Tabea, aliyekuwa na kibanda cha nyuzi sokoni, alimsimamisha baada ya ibada. "Mwaka huu hujaja kwangu."

"Sina hamu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Tabea alimtazama, akaacha.

Ni katika mvua zile Kaanaeli alipogundua. Hakuambiwa. Aliona Nashipae anatoka nje kitunguu kikianza kukaangwa. Aliona kanga inafungwa juu kuliko kawaida. Aliona Philemoni, ambaye hakuwahi kubeba ndoo tangu aoe, anabeba ndoo. Akasubiri kunong'onezwa. Wiki zikapita. Mwanawe alikuja, akaongelea umeme, akaongelea bei ya nyaya, maana alikuwa fundi umeme, akaaga. Hapo Kaanaeli akaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mimba ipo, na kwamba yeye ndiye mtu asiyetakiwa kuijua.

Akafanya kutojua. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Alijua siku za kliniki kwa kumwona Nashipae amevaa viatu vya kufunga. Alijua usiku mbaya kwa taa iliyokaa imewaka uani. Chakula alichotaka kumpelekea alikila mwenyewe. Na mikono, ambayo haikuzoea kukaa bure, ikaanza kumsumbua: alikuna meza, alisokota ncha za kitenge, alipanga vijiko ambavyo vilikwisha pangika. Mwishowe alitoa sweta ya kiume ya kijivu aliyoinunua mitumbani mwaka uliopita, akaifumua, akaanzisha kitu. Hakikuwa na kipimo wala mchoro. Alianza na vitanzi vingi kiasi cha kujaza sindano, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Kilikuwa cha kumfunga mdomo tu.

Lakini kitu kinachofumwa hukua. Nashipae alianza kuingia nyumba kubwa tena, jioni, na sababu ndogondogo. Chumvi imeisha. Naomba kiberiti. Mama, umeona kisu changu? Alisimama mlangoni, akauliza, na macho yake yakashuka kwenye ile kazi ya kijivu, yakaipima urefu, yakaipima upana. Kaanaeli aliona. Angeweza kusema neno moja. Lakini kulisema kungekuwa kukiri kwamba anajua, kwa hiyo alitoa chumvi, akatoa kiberiti, akaendelea kufuma.

Philemoni ndiye aliyeuliza. "Mama, hiyo ni nini?"

"Ni kitu."

"Cha nani?"

"Sijui bado."

Akajua hapohapo kwamba amejibu vibaya. Philemoni aliiangalia tena ile kazi, akatoka.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano Kaanaeli alikwenda msibani Terrat. Mvua ilimnyeshea makaburini, ikamnyeshea akisubiri gari, na alirudi mchana viatu vimejaa udongo na kichwa kinamgonga. Mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Nashipae alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. Ile kazi ya kijivu haikuwepo tena. Palikuwa na uzi tu, umejaa mapajani mwake, umezunguka miguu ya meza, umejikunjakunja kila mahali kama matumbo ya mbuzi siku ya kuchinja. Bado alikuwa akivuta, na mistari ya mwisho ikawa inafunguka, kitanzi baada ya kitanzi.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Naona."

"Nimekuuliza kwa macho tangu mwezi wa nne. Hukunijibu."

"Ungeuliza kwa mdomo."

"Ilikuwa ya mtoto?"

"Haikuwa ya mtu yeyote."

"Hakuna anayefuma kitu kisicho na mtu." Sauti ya Nashipae ilikuwa ndogo na ngumu. "Ilikuwa na upana wa shali. Nimeipima kwa mkono wangu. Ni ileile, umebadilisha rangi tu."

Kaanaeli alikuwa amechoka, ameloa, amenyamaza wiki nyingi kupita uwezo wake, na kitu pekee kilichomsaidia kunyamaza kilikuwa kimetawanyika sakafuni. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Umefumua mangapi katika nyumba hii, Nashipae?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kaanaeli alilisikia neno lake likimaliza kusemwa, na zile mimba mbili zilizotoka zikiwa ndani yake, akatamani mvua ingekuwa kubwa zaidi. Nashipae hakulia. Alitoa uzi mapajani, akaukusanya wote, hata ule wa chini ya meza, akauweka juu ya kochi taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akashika meza, akasimama.

"Asante, mama," alisema.

Ndani ya saa ile alikuwa ameondoka na begi moja na bodaboda, kwenda Olkokola kwa mama yake, mvua inanyesha.

Philemoni alirudi jioni akakuta vyumba vitupu. Aliingia kwa mama yake na simu mkononi, amekwisha kuongea na upande wa pili.

"Umemwambia nini mke wangu?"

Kaanaeli alimwambia. Hakupunguza hata neno.

Philemoni aliketi. "Ana mimba, mama."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu mvua zianze."

"Ulijua," alisema Philemoni polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali, "na bado ukasema."

Hakupiga kelele, na Kaanaeli angependa apige kelele. Alichukua nguo zake za kazi. Tangu siku ile alilala Olkokola, akashuka asubuhi na pikipiki kwenda kwenye kazi zake, na kwa mama yake alipita mara moja moja tu, amesimama, helmeti mkononi. "Usije kwanza," alimwambia. "Daktari amesema atulie."

Juni ikaingia na baridi yake. Kaanaeli alilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akalibeba mpaka kwa Tabea.

"Kuna wajawazito wanaokwenda kujifungua bila kitu," alisema. "Wape hizi. Usiniambie umempa nani."

Tabea alifungua, akaiona shali ya njano. Alikuwa amemuuzia uzi ule yeye mwenyewe. "Una hakika?"

"Chukua kabla sijageuka."

Kisha akakaa kwenye benchi la kibanda, akasimulia lote. Tabea alisikiliza akizungusha bonge la uzi, na mwisho akasema, "Philemoni amekukataza usiende kwa sababu anamlinda mkewe, na amefanya vizuri. Lakini neno ulilolitupa wewe, huwezi kumtuma mtu mwingine akaliokote."

Kaanaeli alingoja mpaka Philemoni aliposema hali imetulia. Ndipo akapanda mlimani. Hakubeba zawadi. Alikuwa amefikiri kuhusu zawadi, na kila aliyoifikiri ilionekana kama malipo. Juu kule ukungu ulikuwa umekaa mashambani, na mahindi yaliyochelewa yalisimama yakitiririka maji. Resiato alimkuta langoni kwake.

"Amelala," alisema.

"Nitangoja."

Resiato alimtazama viatu, akamtazama mikono mitupu, akamwonyesha kigoda karibu na moto. Alimwekea ungo wa maharage mabichi. Kaanaeli akaanza kumenya. Walimenya pamoja, moshi unawauma macho, mpaka ungo ulipokaribia kuisha. Nashipae akatoka, amejifunga blanketi. Tumbo lilikuwa linaonekana sasa. Kaanaeli akaondoa macho hapo haraka, akayaweka kwenye maharage.

"Unaweza kuliangalia," alisema Nashipae. "Halifichiki tena." Akaketi upande wa pili wa moto.

"Sikuja ili unisamehe," alisema Kaanaeli. Njiani alikuwa ameyapanga maneno vizuri. Sasa yalikuja yenyewe bila mpangilio. "Lile neno halina dawa. Nililisema nikijua linakokwenda. Nilitaka liume. Nimekuja ujue kwamba nalijua hilo, usidhani nimejidanganya kwamba wewe ndiye uliyelielewa vibaya."

Nashipae alivuta blanketi mabegani.

"Siku ile ya kamba," alisema, "nilikuwa nimeanza kutokwa damu tangu asubuhi. Dukani. Sikumwambia mtu. Nilirudi mapema nijilaze, nikajiambia nikilala itakata. Nikafungua geti, nikazikuta zote zimening'inia, safi."

Kaanaeli aliweka mkono mdomoni.

"Najua si wewe uliyemuua mtoto wangu," alisema Nashipae. "Mimi pia nilisoma. Lakini nikizikumbuka zile soksi, mwili wangu haujui nilichosoma."

Resiato akachochea moto. Kaanaeli alipoondoka, Nashipae alimsindikiza mpaka langoni tu, akasema, "Barabara inateleza, mama. Shuka polepole."

Mwezi wa nane ulifika, baridi bado haijaisha. Asubuhi moja ya katikati ya wiki simu ililia.

"Mama, tuko hospitali," alisema Philemoni. "Ameanza uchungu."

"Bado muda wake."

"Najua bado, mama. Njoo."

Alimkuta Resiato kwenye benchi la korido, shuka limemzunguka mabega, midomo ikitembea bila sauti. Kaanaeli akaketi kando yake. Mlango wa mwisho wa korido ulifunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka wanawake wote waliokaa pale waliinua vichwa. Philemoni alisimama dirishani, akakaa, akasimama. Mchana ulikuwa umesogea nesi alipotoka na kuliita jina la Nashipae.

"Ni wa kike. Ni njiti, amekuja kabla ya wakati, mdogo sana, lakini anapumua. Tumemweka kifuani kwa mama yake apate joto." Akawatazama mmoja mmoja. "Kofia yake iko wapi? Na soksi? Hawa wanapoteza joto kichwani."

Nesi akaangalia chini ya benchi.

"Hamkuja na kitu?"

"Hatukuandaa," alisema Resiato. Na Kaanaeli, aliyekuwa na haki ya kumtazama wakati ule, hakumtazama. Alitazama sakafu.

"Mama," Philemoni alimgeukia, "si una kofia nyumbani? Zile za..."

"Nilizitoa."

"Zote?"

"Zote. Na zisingemfaa."

"Basi fuma. Nikuletee uzi?"

Mikono ya Kaanaeli ilikuwa imeshaanza kusogea mapajani. Akaikalisha. Mtoto alikuwa akipoteza joto nyuma ya mlango ule, na yeye alikuwa na dawa yake kwenye vidole, na hakuinuka.

"Muulize mkeo," alisema.

"Mama, hakuna muda wa—"

"Philemoni. Muulize."

Nesi aliguna, akaondoka na Philemoni. Wanawake wawili wakabaki. Resiato alikuwa amemgeukia, anamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile, na Kaanaeli hakujua mtazamo ule una maana gani. Aliogopa jibu. Kama Nashipae angesema hapana, angekaa palepale kwenye benchi, mikono hivihivi, amuache Philemoni akakimbilie kofia ya dukani, kubwa kama bakuli.

Philemoni alirudi macho mekundu. "Amesema ufume. Amesema kwa sababu sasa mtoto ameshafika." Akajifuta uso. "Na amesema ufumie hapa hapa, usiende nayo nyumbani."

Tabea alileta uzi na sindano nyembamba mwenyewe, anahema, kibanda amekiacha wazi. Ulikuwa uzi laini mweupe. Kaanaeli alitia vitanzi vya kwanza, vikamponyoka. Akatia tena. Alifuma kofia ya mtoto mchanga kama alivyozifuma siku zote, na nesi alipoiona alitikisa kichwa.

"Kubwa. Fikiria chungwa. Chungwa dogo."

Kaanaeli hakuwahi kufuma kitu cha ukubwa ule. Hakuwa na kipimo chochote kichwani. Aliifumua, na kwenye kufumua kule uzi ukajifunga fundo. Resiato akanyoosha mkono, akalichukua fundo, akalifungua kwa kucha, akaushika uzi vidoleni na kuuachia taratibu kadiri ulivyohitajika. Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja akiachia, mwingine akifuma, hadi kofia ikakamilika. Nesi aliichukua, akaingia nayo.

Haikuwa imekwisha. Mtoto alipungua uzito kwanza, kisha akaacha kunyonya, wakamlisha kwa mpira mwembamba. Siku moja alisahau kupumua, nesi akamgusa nyayo, akakumbuka. Kila siku Kaanaeli alikuja, akakaa benchi lile, asiruhusiwe kuingia, na alipoona akina mama wengine nao wameingia wodini mikono mitupu, aliwauliza mmoja mmoja: wako ameshafika? Unapenda nimfumie? Waliosema ndiyo aliwafumia. Mmoja alisema hapana, na Kaanaeli akamwambia ni sawa, na ikawa sawa kweli. Alijishangaa jinsi vidole vilivyotaka kazi. Hakuna hata kofia moja iliyokuwa ya baridi ya mwaka kesho; zote zilikuwa za waliokwisha fika.

Mtoto alikua kwa uvivu, kisha kwa bidii. Septemba, upepo wa vumbi ukipuliza, wakaruhusiwa. Philemoni aliazima gari. Watu wote wa korido walidhani Nashipae atakwenda Olkokola, na Resiato alikuwa ameshamwandalia mahali, lakini Nashipae alisema watakwenda Elerai, kliniki iko karibu, na huko juu bado kuna baridi. Hakutoa sababu nyingine.

Kaanaeli alikaa kiti cha nyuma pamoja naye. Mtoto alikuwa ndani ya blanketi, ndani ya kanga, kifuani kwa mama yake; uso tu ulionekana, mdogo na wenye hasira. Wakapita mataa ya barabarani, wakaiacha barabara kuu.

"Mama," alisema Nashipae.

"Naam."

"Lile neno bado lipo."

"Najua."

"Siku nyingine linaniamsha. Sitaki udhani kwamba kwa sababu ya huyu limekwenda."

"Sidhani," alisema Kaanaeli.

Gari lilipita shimo, Philemoni akapunguza mwendo, akawatazama kwenye kioo, akarudisha macho barabarani. Nashipae alipanga blanketi upya, akamgeuza mtoto asipigwe na jua la dirishani.

"Nina njaa," alisema. "Chakula cha hospitali kimenichosha. Leo nitakula kwako."

Gari lilipoingia uani, Kaanaeli alishuka kabla halijasimama vizuri, akaenda jikoni kuwasha moto.